Kisanduku cha Chumbani kwa Bi Subiri

Mama mkwe wangu hajawahi kutaja jina la mtu kwenye simu. Akimpigia dada yake husema "yule", "yule mwingine" na "yule wa kule", na dada yake upande wa pili huelewa kila kitu. Akitaka kuzungumzia ugonjwa wa mtu hufunga dirisha kwanza, kisha mlango, kisha hushusha sauti hadi mimi niliyekaa mbele yake namwomba arudie. Nilipoolewa nilidhani ananificha mimi. Nikanuna karibu mwaka mzima, bure kabisa. Baadaye mume wangu akanieleza kwamba ndivyo alivyo. Hata yeye, mwana wa pekee, alijua kwamba mama yake amestaafu siku ile alipomwona anarudi nyumbani na boksi la vitu vyake.

Alikuwa opereta wa simu. Kwa miaka ishirini na sita alikaa mbele ya swichibodi ya hospitali kubwa, ubao mrefu uliojaa matundu, na nyaya zenye plagi za shaba zikimsubiri mapajani. Simu ikiingia, taa ndogo inawaka. Anachomeka ncha moja, anasema, "Subiri, nakuunganisha," anachomeka ncha ya pili kwenye tundu la wodi au la daktari. Hilo "subiri" lilimganda. Wenzake walimwita Bi Subiri, majirani wakalidaka jina, na hadi leo ukimwita kwa jina lake la kuzaliwa anachelewa kuitika. Kile kisikilizio cha kuvaa kichwani bado anacho, kwenye droo ya kando ya kitanda, chini ya leso zake: chuma kilichopinda na sponji mbili nyeusi za duara. Niliwahi kumuuliza anakitunzia nini.

"Kwani kinakula chakula chako?" akanijibu.

Huyo ndiye aliyesimama mlangoni, mikono nyuma, siku fundi alipoleta visanduku vya wifi.

Visanduku vilikuwa vyangu mimi. Kazi yangu ni kusikiliza watu. Kuna shirika linalonilipa kuongea kwa mtandao na watu waliolemewa: waliofiwa, wanaopigwa, wasiolala. Nafanyia kazi kwenye chumba cha uani, ambacho zamani kilikuwa stoo ya masanduku ya mama mkwe. Chumba hicho kiliongezwa baada ya nyumba kukamilika, na kilivyojengwa utadhani mjenzi alikuwa na haraka ya kwenda kwake. Mlango wake unatazama uani, na kinashirikiana na nyumba ukuta mmoja tu, ule wa chumba cha kulala cha Bi Subiri. Ruta ilikuwa sebuleni, mbele kabisa. Wifi ilivuka kuta tatu za mawe na kunifikia ikihema. Watu wangu waliganda kwenye kioo midomo wazi, machozi yamesimama katikati ya shavu, mimi nikibaki naita, "Unanisikia? Unanisikia?"

Nilikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio. Msimamizi wangu, mwanamke mwenye adabu ya kutisha, aliniambia kwamba mitambo yao inahesabu kila mazungumzo yanayokatika, na kwamba mtu aliyejikaza wiki nzima ili afungue mdomo hapaswi kufungiwa mlango usoni. Alisema kweli, na ndiyo maana nilichukia. Kulikuwa na mama mmoja wa Jumanne, saa nne asubuhi. Kwa wiki nzima hiyo ndiyo saa pekee aliyokuwa peke yake kwake. Alichoniambia sitakisema hapa. Itoshe kwamba mara mbili alikatika akiwa anakaribia kukitaja.

Fundi aliitazama simu yake huku akitembea kutoka sebuleni hadi uani na kurudi, anasoma nguvu ya mawimbi. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na subira.

"Hapa dawa ni meshi," akasema. "Visanduku vitatu. Cha kwanza kinakaa na ruta, cha pili katikati, cha tatu uani. Vinapokezana. Ila hiki cha katikati lazima kikae chumba hiki." Akaonyesha mlango ambao mama mkwe alikuwa ameuziba kwa mwili wake.

"Kwa hiyo maneno yake yatapita chumbani kwangu?" Bi Subiri akauliza.

"Yatapita, Mama. Lakini yanapita yamefungwa. Hayasomeki."

"Aliyeyafunga ana ufunguo?"

Fundi akacheka. Alipoona anacheka peke yake akaacha. "Ufunguo unabaki huko huko mitamboni, Mama. Hakuna mtu anayeugusa."

"Mitambo nimekaa nayo. Haijawahi kukosa mtu." Akakichukua kisanduku, cheupe, laini, kina taa moja ya bluu. Akakigeuza akitafuta tundu. "Kwa nini msipitishe waya? Waya unauona unapoanzia na unapoishia."

Fundi alikuwa mkweli, nampa sifa hiyo. Alisema waya ungekuwa bora zaidi, kila visanduku vinapopokezana nguvu hupotea kidogo, waya haupotezi kitu. Ila ingebidi kutoboa kuta, ukiwemo huo wa Mama. Mume wangu, aliyepaka rangi nyumba nzima mwezi uliopita kwa mikono yake na bado mgongo unamuuma, akasema hakuna kutoboa.

Kisanduku kikakaa juu ya kigoda chumbani kwa Bi Subiri, karibu na soketi. Siku hiyo alivalia nguo bafuni.

Wiki ya kwanza mambo yalikuwa shwari. Nikaanza kuimba jikoni. Wiki ya pili, Jumatatu, mtu wangu wa kwanza akakatika. Nikaanza upya, akakatika. Alasiri niliandika ripoti, nikatuma mafaili mazito, nikaangalia video ya mapishi, wifi ikaenda kama maji. Jumatano hivyo hivyo. Nikiwa na mtu, inakatika. Nikiwa peke yangu, inapeta.

Fundi akaja, akabadilisha kisanduku cha katikati, akaja tena, akakisogeza. Hakuona kosa. Mume wangu alimshuku jirani wa nyuma kwamba ametuibia nywila, akaibadilisha mara mbili, na mara ya pili akaisahau mwenyewe. Mimi nikafungua ile programu ya simu inayoonyesha visanduku, nikakuta imeandika kila kitu: cha katikati kilipotea saa nne na dakika tatu, kikarudi saa tano kasoro dakika nane. Kesho yake kilipotea saa nane na dakika mbili. Nikatoa daftari langu la miadi nikalinganisha. Kisanduku kilikufa kila nilipoanza na mtu na kufufuka kila nilipomaliza.

Sasa niambie, nani alijua saa zangu? Nikiwa na mtu huwa natundika mlangoni kibao cha "Nipo kazini" na kuvuta pazia. Kibao hicho kinaonekana kutoka dirisha moja tu la nyumba. Mwenye dirisha hilo umeshamjua.

Nilianza kumchunguza mama wa watu. Niliona anavyonitazama nikipita na laptopu. Nilikumbuka kwamba chumba changu kilikuwa stoo yake, na masanduku yake sasa yamerundikana chini ya kitanda chake hadi godoro linapinda. Nilikumbuka neno alilosema mwaka juzi kuhusu wanawake wanaofunga milango mchana. Kila kitu kikaingia mahali pake. Anataka nifukuzwe kazi, nikajiambia, arudishiwe stoo yake na mkwe wa kushinda jikoni. Nikamwambia mume wangu.

"Mama yangu?" akasema. "Mama yangu akuchomolee wifi?"

"Kisanduku kiko kwake."

"Na shuka zangu ziko kwake, anazikunja. Usimtafutie makosa mtu mzima."

Alisema kwa ukali nisiouzoea, nami nikaanza kumshuku na yeye. Siku tatu tulipeana chumvi mezani bila kusema neno.

Ijumaa msimamizi alinipigia. Aliuliza kwanza hali ya familia, nikajua nimekwisha. Akasema anasikitika, lakini mazungumzo mengine yakikatika, hata mara moja, nafasi yangu itapewa mtu mwenye mtandao wa uhakika. Jumanne ilikuwa siku nne mbele.

Jumatatu nikatega mtego, na aibu yake ninayo hadi leo. Sikuwa na mtu saa hiyo. Nikatundika kibao, nikavuta pazia, nikaanza kuongea na ukuta kwa sauti yangu ya kazini: "Karibu. Chukua muda wako. Niko hapa." Kisha nikavua viatu, nikatoka kimya kimya, nikapita mlango wa jikoni na kufuata ukumbi hadi chumbani kwake. Nikausukuma mlango bila kubisha. Katika miaka kumi na moja ya ndoa nilikuwa sijawahi kufanya hivyo.

Kisanduku hakikuwa kimechomolewa. Waya wake ulikuwa kwenye soketi vizuri kabisa. Lakini juu ya kisanduku kulikuwa na sufuria langu kubwa la wali, limegeuzwa, na juu ya sufuria kulikuwa na blanketi lililokunjwa mara nne. Bi Subiri alikuwa amekaa kitandani, amekipa mgongo, anasoma gazeti la juzi.

"Umemaliza mapema," akasema.

"Mama!" Sauti ilinitoka mbaya. "Ni wewe! Kumbe ni wewe! Unataka nifukuzwe kazi?"

"Nani akufukuze?"

"Kila nikianza na mtu unanifunikia! Wanakatika, Mama! Watu wanalia, halafu wanakatika!"

Gazeti likashuka. Akanitazama, akalitazama sufuria, akanitazama tena. Nimeona watu wengi wakipokea habari mbaya, ni kazi yangu. Sijaona uso ukibadilika polepole vile.

"Wanakatika?" akasema. "Hii inakata simu?"

"Chuma kinazuia mawimbi! Hakiwezi kupitisha kitu!"

"Fundi alisema kinapitisha. Nikasema basi kipitishe, ila kisisikie. Nilikiziba masikio." Akainuka haraka kuliko magoti yake yanavyomruhusu, akalitoa blanketi, akalitoa sufuria, akabaki amelikumbatia. "Miaka ishirini na sita, mwanangu. Ubao wa laini mia mbili. Sijawahi kumkata mtu. Umeme ulipopotea niliwaambia kila mmoja kwa sauti yangu wasubiri. Sasa nimewakata wanaolia?"

Nilitaka kuendelea kukasirika. Nilikuwa nimejiandaa vizuri na maneno bado yalikuwepo mengi. Lakini sufuria bado lilikuwa kifuani kwake. Nikamkalisha, nikakaa pembeni yake.

"Mama, kisanduku hakisikii. Unaogopa nini?"

Akainuka tena, akafunga dirisha. Akafunga mlango. Ndipo akaniambia, kwa sauti ile ya chini, na mara hii sikumwomba arudie.

Kwenye swichibodi kulikuwa na kiswichi kidogo cha kusikilizia. Opereta aliruhusiwa kukifungua sekunde moja tu, kuhakikisha watu bado wanaongea, kisha akifunge. Wote walikaa zaidi. Siku ni ndefu, kiti kigumu, na masikioni kuna hospitali nzima. Siku moja alimuunganisha nesi mmoja na dada yake, akakifungua, akasahau kukifunga. Nesi alikuwa anamwambia dada yake majibu ya vipimo vyake. Bi Subiri alimwambia mtu mmoja tu, mwenzake wa kiti cha pili, wakati wa chai, kwa sababu lilimlemea. Wiki haikuisha, habari ikawa imeenea. Kikombe cha yule nesi kilitengwa peke yake kwenye rafu. Kisha nesi mwenyewe akaacha kazi.

"Aliposaini karatasi zake alipita kwangu kupiga simu ya mwisho," akasema. "Akaniambia, 'Asante, Bi Subiri, wewe umekuwa mwema kwangu siku zote.' Nikamuunganisha kwa mkono huu."

"Hakujua?"

"Hakuna aliyejua. Wewe ndiye wa kwanza." Akakitazama kisanduku na taa yake ya bluu. "Sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa na masikio na kiti. Sasa wewe uliyesoma, niambie. Huko yanakopita maneno ya hawa watu wako, nani amekaa kwenye kiti?"

Nilifungua mdomo nimpe yale ya fundi, kwamba yamefungwa, hayasomeki. Halafu nikakumbuka kwamba msimamizi wangu anajua dakika na sekunde za kila mtu aliyekatika, na kwamba sijawahi kuuliza anajua na nini kingine.

"Sijui, Mama," nikasema.

"Basi angalau hapa nyumbani tuujue waya wetu," akasema. "Toboeni ukuta."

Mume wangu aliporudi jioni hiyo alikuta fundi kashafika. Alifungua mdomo kuhusu rangi, mama yake akamtazama, akaufunga, akaenda kushika ngazi. Bi Subiri ndiye aliyeelekeza njia. Alitaka waya upite chini, pembeni ya ukumbi, mahali unapoonekana, na alikataa kabisa ufichwe ndani ya mfereji wa plastiki. Alifuata nyuma ya fundi akivuta kila kishikizo kwa kidole, na viwili alivifanya virudiwe. Fundi alifika chumbani kwake, akatoboa ukuta karibu na kichwa cha kitanda, vumbi likajaa kwenye mito, waya ukatokeza kwangu uani na kuingia kwenye laptopu. Visanduku vitatu vikarudi kwenye boksi lao.

Jumanne saa nne mama yule alikuja. Alianza kama kawaida yake, na maelezo ya hali ya hewa. Akafika pale alipokuwa anakatika kila mara, nami nikashika ukingo wa meza. Picha haikutetereka. Akakisema. Akakisema chote, hadi mwisho, na saa tano kasorobo alikuwa bado yupo, anapumua. Jioni msimamizi akaandika sentensi moja: tuendelee. Nilikwenda kumwambia mama mkwe kwamba hakuna aliyekatika. Aliitikia kwa kichwa mara moja na kuuliza kama nimelitoa sufuria lake la wali kabatini, maana sasa alishaliita lake.

Hapo ningemaliza, kama ningekuwa mtu mwema.

Alhamisi, nikiwa nimekaa kimya nasubiri mtu wangu aingie, nilimsikia Bi Subiri akikohoa. Nilimsikia kana kwamba amekaa nami. Nikageuka. Tundu la fundi lilikuwa pana kuliko waya, kidole gumba kingepita. Nikasikia kurasa za gazeti. Nikasikia kitanda kikilia alipojigeuza. Nikiinama kidogo niliuona mwanga wa dirisha lake. Kama mimi namsikia, yeye ananisikia, na Jumanne nzima ilikuwa imepita kwenye tundu lile, karibu na mto wake.

Siku ile niliongea kwa kunong'ona hadi mtu wangu akaniuliza kama naumwa. Ijumaa, nikipita dirishani kwake, niliona kiti cha mbao kimehamishwa. Kilikuwa dirishani miaka yote. Sasa kilikuwa kimesogezwa hadi ukutani, pembeni ya kitanda, mbele ya tundu.

Nilirudi chumbani kwangu. Masikio na kiti, alisema mwenyewe. Sisi wa kazini tunasikiliza kwa mshahara, na tunaapa, na tunasaini karatasi. Yeye hakuwa ameapa kwa mtu. Jumamosi na Jumapili nilimtazama anakula, nikimtafuta mama yule wa Jumanne usoni mwake. Nilisubiri anitupie neno dogo, swali moja la pembeni. Hakuuliza kitu, na hilo nalo nikalishuku.

Jumatatu asubuhi alikwenda kliniki kuchukua miwani yake mipya. Nilizungukazunguka jikoni karibu saa nzima, kisha nikaingia chumbani kwake, mara ya pili bila kubisha. Nikakisogeza kiti. Nikapiga magoti chini kama mwizi, nikaweka sikio ukutani.

Sikusikia kitu. Uani nilikuwa nimeacha redio ikiimba kwa makusudi, na sikusikia hata mdundo. Nikapapasa na kidole. Tundu lilikuwa limezibwa. Kitu laini, cheusi, kilikuwa kimezungushwa kwenye waya na kusukumwa ndani kwa nguvu, kikajaza nafasi yote. Nilivuta ncha yake kidogo, nikaijua, nikairudisha upesi. Droo ya kando ya kitanda ilikuwa haijafungwa vizuri. Kisikilizio kilikuwa pale juu ya leso, chuma kimepinda, sponji moja ipo, upande wa pili umebaki kipara.

Alikivuta kiti pale kwa sababu magoti yake hayainami.

Sijui nilipiga magoti pale kwa muda gani. Najua tu kwamba nilisikia mlango na sikuwahi kuinuka. Alikuwa amesimama na miwani mipya usoni, karatasi ya kliniki mkononi, ananitazama nilivyo chini, na kiti kimesogezwa, na droo.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Waya, Mama," nikasema. "Nilikuwa naangalia kama umekaza."

Akanitazama sana kwa miwani ile mpya.

"Umekaza," akasema. Akakirudisha kiti ukutani, akaisukuma droo ikafunga. "Amka, kumekaribia saa nne. Usimcheleweshe mtu."